Usiutupe bado: ung'oe kwanza utazame mizizi

Pole sana, dada. Umesema echeveria yako, kale kammea ka majani manene yanayotunza maji, imekaa dirishani huko Umoja, Nairobi, mwaka mmoja na nusu, unaimwagilia kila Jumapili, kopo lina tundu chini, wadudu hukuwaona. Kisha mwezi huu wa Agosti ukagusa jani likadondoka, la pili likadondoka, na baada ya siku tatu umebaki na kisiki. Yalinipata hayo hayo mwaka 2021 nikiishi Zimmerman. Niliumia sana, maana mmea ule niliununua wiki niliyohamia nyumba yangu ya kwanza. Nikamshuku hata mtoto wa jirani kwamba ameumwagia maji ya sabuni. Nilimkosea bure mtoto wa watu.

Kilichonifungua macho ni kuung'oa. Juu udongo ulikuwa vumbi tupu, nikadhani na chini ni hivyo hivyo. Shina likatoka bila kushikwa na chochote, kama kijiti kilichochomekwa tu. Sehemu ya chini ilikuwa ya kahawia, imelainika, na nilipoibonyeza ikatoa maji yenye harufu ya maharagwe yaliyochacha. Katikati ya kopo kulikuwa na donge jeusi, ukubwa wa limau, limelowa chepechepe, ungedhani ni majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. Mizizi iliyokuwa ndani yake, ukiivuta ganda linavuka na unabaki na uzi mwembamba mkononi.

Donge lile ni kokopiti, unga wa makumbi ya nazi, ambao wenye vitalu hupandia miche. Kitaluni halina ubaya, kule kuna jua na hewa. Lakini mimi niliuhamisha mche na donge lake, nikajaza mchanga pembeni. Mchanga ukawa unakauka siku mbili, donge linakaa na maji wiki mbili, nami naangalia mchanga.

Sasa ongeza baridi ya Nairobi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hufunga siku nzima, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Mmea usiopata jua hunywa kidogo sana. Kwao echeveria, milima ya Mexico, majira ya baridi ndiyo ya ukavu. Huku kwetu tunauletea baridi pamoja na maji ya kila Jumapili, kipimo kile kile cha Januari.

Utauliza mbona mwaka jana ulivuka Julai salama. Kokopiti huoza taratibu, ikawa laini zaidi na kubana hewa. Na mizizi michache ikifa, majani yana akiba ya maji, hivyo mmea unaendelea kupendeza huku chini umekwisha. Unachokiona Agosti kilianza muda mrefu nyuma.

Kuna aliyekujibu kwamba mmea umekufa kwa sababu ulitoa maua. Hapana. Mkonge ndio hutoa mlingoti wake wa maua mara moja ukafa. Echeveria huchanua mwaka baada ya mwaka. Vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mizizi, wanawezekana: ukikuta vitu vyeupe kama pamba kwenye mizizi, basi ni wao.

Kisiki chako kikate kwa kisu safi, ukipanda juu kidogo kidogo mpaka nyama iwe safi pande zote, bila duara la kahawia. Kiache kivulini wiki nzima kikauke kidonda. Majani yaliyodondoka yakiwa bado magumu, yalaze juu ya mchanga mkavu, usiyamwagilie mpaka utoke uzi wa waridi wa mizizi. Mimi niliokoa jani moja tu, na limenipa mimea miwili. Mche mpya ukinunua, osha donge lote litoke kabla ya kupanda, uache mizizi ikauke siku mbili. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini, kiache dakika tano. Kikitoka na udongo umegandia, usimwagilie. Julai hii iliyopita nilimwagilia mara moja tu.

Ung'oe leo ukipata nafasi, uniambie umekuta nini katikati.