Jibu: Kikoba chetu wanaamua watu wawili, wengine kimya

Mkuu, umesema mko 22, wanaoongea ni mwenyekiti na mhazini tu, wengine wanaitikia "sawa" halafu wanalalamika njiani wakirudi nyumbani. Mimi ni katibu wa kikundi cha hisa, yaani cha kuweka na kukopa kama kikoba chenu, huku Morogoro, ugonjwa huo naujua.

Msikimbilie semina ya uongozi. Angalieni kwanza mnavyouliza. Mwenyekiti akisema "jamani, si tumekubaliana?", nani atampinga mtu ambaye wiki ijayo atamwomba mkopo? Kwetu jambo la hela nyingi linapigiwa kura ya siri. Kila mtu anashika punje ya hindi na ya haragwe, anaingiza mkono kwenye chungu kilichofunikwa kanga na kudondosha moja. Hindi ni ndiyo, haragwe hapana. Iliyobaki anaitupia chungu cha pili, asijulikane.

Kuna hoja ya kununua viti na turubai za kukodisha ilisifiwa na kila aliyesimama. Chungu kilipomwagwa mkekani, maharage matupu! Ila kura haikuambii sababu. Tukakaa makundi ya watu wanne wanne, mmoja akaleta maoni bila kutaja aliyesema nini. Kumbe viti hawakuvichukia, waliogopa hela ya mgawo wa Desemba, tunapogawana akiba, isifungiwe humo. Tukasogeza ununuzi mbele, baada ya mgawo.

WhatsApp iwe ya kutangaza kikao na misiba, basi. Dole gumba si kura, na wasio na simu janja je?

Halafu sanduku. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio viongozi, hela zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote. Kabla ya kufunga, salio litajwe na wote wakariri. Kikao kijacho, kabla daftari halijafunguliwa, mwanachama yeyote aulizwe lilikuwa ngapi. Sisi tunamchagua mkimya makusudi. Mama aliyezoea kutaja laki nane na arobaini mbele ya watu, siku ya kusema "hapana" haoni haya.

Yaandikeni haya kwenye katiba. Vikundi vyetu viko daraja la nne, la vikundi vya kijamii vya fedha, kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, usajili hamuukwepi, na katiba ya kunakili kwa jirani haitawasaidia mkigombana.

Mhazini akigoma funguo zisigawanywe, rudi hapa utuambie, maana hilo sasa si suala la ukimya tena.