Mashuka, pangaboi na chetezo cha mama: nilivyopunguza pumu ya usiku

Kwa miaka mingi lawama zangu zote zilikuwa kwa barabara ya vumbi iliyo mbele ya nyumba yetu hapa Tanga. Gari likipita, nakimbilia dirisha. Jioni nyumba nzima imefungwa, na bado saa tisa usiku niko kitako kitandani, kifua kinapiga filimbi, naipapasa inhela ya bluu gizani. Nesi mmoja ndiye aliyenizindua: "Ukilala kwingine, unabanwa?" Nikakumbuka kwa dada yangu Korogwe. Kule nalala fofofo, na vumbi la barabara yao ni kubwa kuliko letu.

Kumbe adui nilikuwa najifungia naye ndani.

Anzia chumba cha kulala, maana humo unakaa saa saba au nane mfululizo, pua kwenye mto. Mimi nilianza kwa kutupa dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko, niliyokuwa naiwasha kila usiku chini ya kitanda. Watafiti waliwahi kupima wakakuta mzunguko mmoja ukiungua wote unaweza kutoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75, na aina nyingine zaidi ya 130. Mimi nisiyevuta sigara! Siku hizi nalala kwenye chandarua basi.

Kisha mto wa sufi. Niliupiga fimbo mara moja uani, jua likiwa kali, nikaona wingu lililotoka. Sikuurudisha ndani. Mito na magodoro ya zamani ni makazi ya utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula magamba ya ngozi zetu na kupenda unyevu, na pwani unyevu ni wa bure. Kinachotubana hasa ni kinyesi chake. Mashuka na foronya nafua kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Sina mashine, nachemsha sufuria, naloweka kwenye beseni.

Pangaboi nalo usilisahau. Lifute kwa foronya kuukuu: lizime, vika kila panga foronya hiyo, kamata kwa mikono miwili, vuta kuja kwako. Vumbi linabaki ndani ya foronya badala ya kukumwagikia kitandani. Na sakafu ipigwe deki, isifagiwe kavu. Kama lazima ifagiwe, mwenye pumu atoke kwanza.

Masika ukutani kwangu hutokea kuvu nyeusi. Miaka miwili nilipaka rangi juu yake, ikarudi. Kisa kilikuwa bomba lililokuwa likivuja upande wa pili, pamoja na nguo nilizokuwa naanika chumbani mvua ikinyesha. Fundi alipoziba bomba, ukuta ukakauka. Kuisugua kwa jiki mwachie asiye na pumu, madirisha wazi, na asichanganye na dawa nyingine ya usafi.

Jikoni sina mengi: jiko la mkaa litoke nje. Gesi ni afadhali sana, ila fungua dirisha, maana hata kitunguu kinachoungua kinatosha kunikohoza. Mende watege kwa chambo. Dawa ya kupuliza itakubana wewe kabla haijamuua mende.

Wengi huniuliza kuhusu mashine za kusafisha hewa. Ni ghali, na ukinunua huku mto wa sufi bado upo, umetupa hela. Na usafi huu hauondoi dawa: inhela yangu ya kahawia, ya kuzuia, naivuta kila siku hata nikiwa mzima.

Pagumu palikuwa udi. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa mama hufukiza nyumba nzima. Nilizunguka miezi kabla ya kuthubutu.

"Mama, naomba radhi, udi wako unanibana kifua."

Akanitazama. "Udi huu huu niliokulea nao?"

"Huo huo, mama."

Hakunijibu. Alhamisi iliyofuata nikamkuta barazani, chetezo chini, kanga zake zimetandazwa juu yake, mlango ameufunga mwenyewe. Harufu kidogo hupenya chini ya mlango. Pale nimeziba kwa kitambaa kibichi, yeye hajui.