Chagua Geji kwa Kuutazama Mguu wa Ndege, Si Mtungi wa Nitrojeni

Mafundi wanaoanza kazi kwenye hanga za ndege ndogo huniuliza wanunue geji (kipimo cha presha) gani ya kujazia nitrojeni kwenye miguu ya ndege, yaani nguzo za magurudumu zenye gesi na mafuta ndani ya kupunguza kishindo cha kutua, na mara nyingi huwa wameshajijibu kabla ya kuuliza. Wanaitaka ile ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 0 hadi 3,000, kwa kuwa mtungi una presha kubwa na geji kubwa inaonekana kuwa salama zaidi. Ushauri wangu ni kwamba geji hiyo ibaki kwenye regulata, kifaa cha kupunguza presha inayotoka, karibu na mtungi, na upande wa ndege ifungwe nyingine iliyochaguliwa kwa ajili ya mguu unaohudumiwa.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Usahihi wa geji hutajwa kwa asilimia ya kipimo chake cha juu kabisa, wala si kwa asilimia ya namba ambayo sindano inaonyesha wakati huo. Geji ya daraja la 1.6, yaani ya kosa la asilimia 1.6, inayoishia psi 3,000 inaruhusiwa kukosea kwa psi 48, juu au chini. Cessna 172, ambayo marubani wengi wa kwetu wamejifunzia, hujazwa psi 45 kwenye mguu wa mbele, kwa hiyo kosa linaloruhusiwa ni kubwa kuliko kipimo chenyewe kinachotafutwa. Geji ya psi 0 hadi 100 ya daraja la 1.0, kwa upande mwingine, hairuhusiwi kukosea zaidi ya psi 1. Mimi hupenda presha ninayoitafuta iangukie kati ya robo na robo tatu ya uso wa geji, na ndiyo maana karakana inayopokea ndege za aina mbalimbali haiwezi kutosheka na geji moja: miguu ya ndege kubwa za abiria hufanya kazi kwa mamia ya psi, na mingine huzidi elfu.

Kuhusu ubora wa geji yenyewe sina mengi ya kusema. Nyingi bado zinatumia bomba jembamba lililopinda, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849, na bomba hilo huchoshwa na presha inayoingia kwa kishindo. Nunua yenye ukuta imara nyuma ya uso na mgongo unaofunguka wenyewe bomba likipasuka, fungua vali polepole, na usisimame mbele ya kioo.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni urefu wa mpira wa kupitishia gesi. Mpira wa mita 2 wenye tundu la milimita 6 una nafasi ya takriban sentimita za ujazo 56, na nafasi hiyo hujazwa na gesi inayotoka kwenye mguu kila unapounganisha geji ili kukagua tu. Kwenye mguu mdogo wa mbele, ukikagua asubuhi, mchana na jioni, utakuwa umeushusha wewe mwenyewe, kisha utaanza kutafuta uvujaji usiokuwepo. Kwa ukaguzi tumia kiungo kifupi chenye geji, vali ndogo ya kufungia na tundu la kutolea gesi. Mpira mrefu uwe wa kujazia tu. Wakati wa kujaza, usiamini sindano wakati gesi bado inapita, kwa kuwa presha ya upande wa regulata huwa juu kuliko ya upande wa mguu mpaka mtiririko utulie.

Ningependa kukaa kidogo kwenye kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote. Ndege ikiwa imesimama kwa uzito wake, geji haikuambii kama mguu una gesi ya kutosha. Kinachosomeka hapo ni uzito unaoulemea mguu ukigawanywa kwa eneo la pistoni. Ukiongeza nitrojeni, mguu utapanda na sindano itabaki karibu palepale. Fundi asiyelijua hili huendelea kuongeza gesi akiifukuzia namba aliyoandikiwa, na mguu unarefuka hadi pistoni inakaribia mwisho wa safari yake. Ndiyo sababu vitabu vya matengenezo vya ndege kubwa havitoi presha peke yake, bali chati inayolinganisha presha na urefu wa sehemu ya pistoni inayong'aa iliyochomoza nje, huku Cessna 172 ikijazwa mguu wa mbele ukiwa umenyanyuliwa kabisa. Hata chati hiyo inaweza kukupotosha kama sili, yaani pete za kuzuia uvujaji, zimeikamata pistoni, hivyo tikisa ndege juu na chini kwanza, uiache itulie, ndipo uchukue rula.

Geji pia haioni mafuta. Mguu uliopungukiwa mafuta ya haidroliki unaweza kuongezewa nitrojeni ukasimama kwa urefu unaopendeza na presha inayolingana na chati, kisha ukagonga mwisho kwa kishindo ndege inapotua. Mguu unaoomba gesi kila mara ukaguliwe mafuta na sili kabla ya kufunguliwa mtungi tena.

Kwa wanaohudumia ndege zinazosafiri kati ya pwani na nyanda za juu, hali ya hewa nayo huingia kwenye kipimo. Geji hupima tofauti kati ya presha ya gesi iliyo ndani na ya hewa iliyo nje. Dar es Salaam hewa ina presha ya takriban psi 14.7, na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, takriban 12. Mguu ulionyanyuliwa ukasoma psi 45 Dar ungesoma karibu 47.7 Nairobi kama joto lingekuwa lilelile. Lakini ukijaza mchana wa Dar wenye nyuzi 32 na kupima alfajiri ya Nairobi yenye nyuzi 14, baridi huishusha tena hadi karibu psi 44. Psi moja au mbili za namna hiyo si uvujaji. Andika joto na mahali pamoja na kila kipimo.

Kuhusu mtungi, soma lebo na usitegemee rangi, kwa kuwa rangi hutofautiana kati ya nchi na nchi, na oksijeni ikikutana na mafuta yaliyomo ndani ya mguu inaweza kulipuka. Kwenye vali za mguu zisizo na sindano ya ndani (kiini kidogo kinachozuia gesi, si sindano ya geji), legeza nati ndogo ya juu huku umelishika kwa spana umbo kubwa la vali lililo chini lisizunguke, kwani likifunguka na presha ikiwa ndani litaruka kama risasi. Zile zenye sindano hudai sindano ya presha kubwa, iliyoandikwa H kichwani. Ya tairi haifai.

Geji ipelekwe kwenye maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, kama ya mashirika ya viwango ya Tanzania (TBS) au Kenya (KEBS), kwa muda uliopangwa katika utaratibu wa karakana. Kabla ya kuifunga, hakikisha sindano imelala kwenye sifuri. Ikianguka sakafuni, irudishwe maabara hata kama kibandiko chake cha ugezi kina miezi mingi mbele.