Sauti za piano zikipotoka: pima unyevu wa chumba kwanza

Mkuu, umesema piano yako ilityuniwa (nyuzi zilikazwa zitoe sauti sahihi) miezi minne tu iliyopita, sasa sauti za katikati zimepanda, vitufe viwili vinanata, nawe umeweka vipakiti vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, ndani ukitumaini vitasaidia. Piano yangu ya wima ilinitesa hivyohivyo miaka miwili.

Vipakiti vitoe. Vikishashiba maji kazi yao imeisha, na piano haifungiki kama chupa ya dawa. Hewa ya chumba inaingia na kutoka muda wote.

Chanzo kikubwa ni ubao wa sauti, ule mwembamba wa mti wa sprusi ulio nyuma ya nyuzi. Umebinuka kidogo. Ukinywa unyevu huvimba, hubinuka zaidi na kuzisukuma nyuzi, zikakazika na sauti ikapanda. Hewa ikikauka unanywea, sauti inashuka. Katikati huathirika kuliko nyuzi nene za sauti nzito, ndiyo maana unasikia vipande viwili vya piano havielewani. Vitufe vinanata kwa sababu mbao na felti zake (vitambaa vinene vya sufu) nazo zimevimba.

Mimi nilikuwa nawasha kiyoyozi jioni nikipiga, nazima nikilala, nikiamini naitunza. Siku nilipoweka kipima unyevu kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, nilikuta chumba kinatoka asilimia 50 hadi 74 kwa siku moja. Ubao haukupata kutulia hata kidogo. Mafundi wengi hutaja asilimia 40 hadi 50. Mimi sikufika huko; nina mashine ya kukausha hewa niliyoiweka kwenye 52, inajiwasha na kujizima yenyewe, na piano imekaa vizuri. Afadhali 55 isiyoyumba kuliko 42 leo na 70 kesho.

Kipimo chenyewe kijaribu kabla hujakiamini. Weka chumvi kwenye kizibo, idondoshee maji iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha uifungie pamoja na kipimo kwenye chombo kisichopitisha hewa usiku kucha. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Changu kilisoma 69, kwa hiyo kila nikisoma naongeza 6.

Kuhusu kijiti cha joto kinachofungwa ndani ya piano: kinafaa, ila kiwe na kidhibiti chake cha unyevu. Kikiachwa kinawaka tu hata miezi ya ukavu, pini za kukazia nyuzi hulegea kwenye ubao wake, na hapo tyuni haishiki tena. Matengenezo yake ni mazito.

Isogeze pia mbali na dirisha na isipulizwe na kiyoyozi.

Fundi usimwite sasa. Tuliza chumba wiki tatu hivi, ndipo atyuni. Vitufe huenda vikaachia vyenyewe. Vyangu vitatu viliachia, cha nne fundi alikibana felti kidogo kwa koleo.