Seli Zilizounganishwa Zilinifanya Niitwe Mwizi Mwaloni

Juzi dada mmoja wa Nansio kaniandikia: "Kaka, faili langu la mauzo la Excel limegoma kupangika. Linadai seli zilizounganishwa zote ziwe na ukubwa sawa. Nifanyeje?" Seli ni vile vyumba vidogo vya jedwali. Ujumbe ule ulinirudisha Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza.

Nilikuwa karani wa tajiri mmoja wa dagaa. Kila mzigo ukishuka naandika kisiwa, magunia na bei. Nilitaka faili lipendeze, basi "Ukara" naliandika mara moja, kisha naunganisha seli za mistari 9 neno likae katikati. Mwisho wa mwezi tajiri akaja na mgeni wake, akataka kuona mzigo wa Ukara peke yake. Nikachuja. Ukatokea mstari mmoja tu, magunia 14. Daftari lake linasema 96. Akaniuliza mbele ya wapagazi, "Kijana, mengine umeyala?" Tuliyahesabu ghalani mpaka magharibi, yakatimia yote. Radhi hajaniomba hadi leo.

Ukiunganisha seli, neno hubaki kwenye ile ya kwanza juu. Nyingine ni tupu, ingawa jicho linaona jina limezifunika zote. Kichujio hakina jicho.

Dada, fungua Excel, bonyeza Ctrl na F. Pa kuandika pasiwe na neno. Ingia Options, Format, Alignment, weka tiki kwenye Merge cells, kubali, kisha Find All. Orodha ikitokea, Ctrl na A huzichagua zote. Rudi Home, kwenye mshale wa Merge & Center chagua Unmerge Cells. Usiishie hapo! Chagua kolamu ya majina kuanzia jina la kwanza hadi mstari wa mwisho, bonyeza F5, Special, Blanks. Andika =, bonyeza mshale wa juu, halafu Ctrl na Enter. Kila seli tupu inachukua jina lililo juu yake. Nakili kolamu hiyo na uibandike palepale kama thamani pekee (Paste Values), la sivyo ukipanga majina yatahamahama.

Vijana wenzangu mnaotaka kushika hesabu za watu, acheni kupamba mistari ya mzigo. Kisiwa kiandikwe kila mstari, hata mara 100. Mimi leo sipokei faili la mtu kabla ya kulipitisha kwenye Ctrl na F, na matajiri wananitafuta wenyewe.

Dada kanijibu jana usiku. Zilikuwa seli 43, na jumla yake ya Ukerewe imepanda.