Vifaru viwili vinatuvunjia kijiwe

SWALI: Kaka habari za kazi. Tuna kijiwe chetu huku Sinza tunacheza vita vya mezani vya visanamu, wengine tumechapisha askari wetu kwa printa ya 3D, sheria tumeokota huku na kule tukachanganya. Sasa kuna mwana kila wikiendi analeta vifaru viwili. Askari wangu lazima warushe dadu wapate 4 kwenda juu ndo wamelenga, halafu 6 tupu ndo wametoboa, na kila kifaru kina uhai 10. Anatuchapa kila siku, tukilalamika anasema hatujui kucheza, wawili washaacha kuja. Tatizo ni sisi au sheria?
Msomaji, Sinza

JIBU: Mdogo wangu, ni sheria, na namba umenipa mwenyewe. Askari 10 wakifyatua, kwa wastani 5 wanalenga, na katika hao 5 wa kupata 6 hata mmoja hafiki. Kumaliza kifaru kimoja unahitaji kama zamu 12, tena asife askari hata mmoja, wakati michezo mingi ya hivi inaishia zamu ya 5 au 6, na cha pili bado hujakigusa! Umeshafungwa tangu jamaa anafungua boksi, ni kama drafti mwenzako aanze na kete zote kingi, na hilo linaniuma kwasababu mtu kakesha anapaka rangi askari wake halafu akifika mezani hakuna uamuzi wake wowote wenye maana.

Dawa yake ni pointi, yaani kila askari na kifaru kinapewa bei na kila jeshi linakuwa na jumla ileile. Wapo watakaowaambia pointi zinaua stori, chezeni tu kirafiki. Wakubwa wenyewe walishajaribu, Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya michezo hii ya visanamu, walitoa mchezo wa Age of Sigmar mwaka 2015, sheria kurasa 4 na pointi hakuna, kila mtu alete anachotaka, wachezaji wakalalamika sana na 2016 pointi zikarudi. Wanaopenda kucheza huru hawakukatazwa.

Nyie anzeni kwa kubadilishana majeshi, yeye ashike askari wako we uchukue vifaru. Akishinda na hao askari basi mkali kweli, awafundishe. Akichapwa, jibu kaliona mwenyewe bila kugombana.

Hapo ndo mpange pointi, kifaru kiwe na bei ya kuumiza, anayetaka viwili abaki na askari wachache. Majeshi hayalazimiki kufanana, ila kila jeshi liwe na njia yake ya kushinda. Au wapeni askari roketi ya kutoboa kwa 3 kwenda juu, ila badilini kitu kimoja kwanza mcheze mechi kadhaa, mkigusa vitatu kwa mpigo hamtojua kipi kimesaidia. Na ushindi usiwe kuua tu jamani, wekeni alama tano mezani za kushikilia, vifaru viwili haviwezi kukaa sehemu tano, pia pangeni maboksi kama majumba kifaru kisione meza nzima.

Wale wawili walioacha wapigieni simu waje siku hiyo ya kubadilishana, na bei za pointi wapange na wao.