Seli za samaki zinang'oka kabla ya kutiwa virusi

Swali: Tunatafuta TiLV (virusi vinavyoua tilapia) kwenye ngege wa vizimba hapa Kisumu. Seli zetu za E-11 (seli za samaki za kukuzia virusi maabara) ziko kwenye L-15 (kimiminika cha kulishia seli) yenye seramu asilimia 10, ndani ya inkubeta ya kaboni dioksaidi asilimia 5, nyuzi 25. Siku ya pili L-15 inageuka njano, seli zinajikunja na kung'oka. Ni bakteria?

Jibu: Itazame chupa kwenye mwanga. Bakteria huitibua L-15 ikawa kama maji ya kuoshea mchele. Ikiwa njano lakini angavu, mshukiwa ni gesi yenu.

L-15 haina baikaboneti. Fosfati na asidi amino ndizo zinazoshikilia pH yake (kipimo cha uasidi), na sukari yake ni galaktosi, isiyozalisha asidi nyingi kama glukosi. Iliundwa kwa hewa ya kawaida, kwa hiyo ukiitia kwenye gesi, pH inaporomoka na rangi inakuwa njano. Msijaribu kuiokoa kwa kuongeza baikaboneti, kosa la waliozoea DMEM, chakula cha seli kinachohitaji gesi hiyo. Zimeni gesi, na mtumie vizibo visivyo na kichujio, vilivyokazwa.

Kuhusu joto: inkubeta ya kupasha tu haiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Nakuru, penye baridi, itawatosha. Kisumu, mchana ukifika nyuzi 30, hiyo 25 mnayoisoma ni ile mliyoiweka kwenye kitufe tu, si joto halisi, basi tafuteni inayopoza pia, na mwachie kipimajoto ndani.

Tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli kwenye chupa, nayo huua seli nyingi. Kwa chupa ya sentimita 25 za mraba, suuza kwa mililita 3 za PBS (maji ya chumvi ya kusuuzia seli) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, kisha tia mililita 1 ya tripsini-EDTA asilimia 0.25. Usiende kunywa chai. Kaa kwenye hadubini. Kwa kawaida dakika 1 hadi 3 zinatosha. Seli zikianza kuwa duara kama shanga, gonga chupa kwa kiganja, ongeza mililita 4 za L-15 yenye seramu, gawa kwenye chupa mbili au tatu.

Wakati wa kutia sampuli, saga ubongo au ini kwa uwiano wa 1 kwa 10, zungusha kwenye sentrifuji, chuja kwa mikromita 0.22, acha umajimaji huo ugusane na seli saa 1, halafu weka L-15 yenye seramu asilimia 2. Kila mara iwepo chupa moja isiyotiwa sampuli. Bila hiyo hamtajua kama ni virusi au ni seli zilizochoka.

Madhara ya TiLV kwenye E-11 yanaweza kuchelewa hadi siku ya 9 au 10. Msipoona kitu, hamishieni umajimaji kwenye seli mpya, kisha thibitisheni kwa RT-PCR, kipimo cha vinasaba vya virusi. Kumbukeni pia kwamba E-11 hubeba retrovirusi ya samaki aina ya snakehead tangu asili yake, kwa hiyo kuona chembe za virusi kwa hadubini ya elektroni peke yake si ushahidi wa TiLV.